Mtoto wa Mgongoni

Novemba 8

Mvua tangu alfajiri. Leo atelye, karakana yetu, imeanza karte, kadi za salamu za Noeli. Naandika jinsi tunavyofanya kazi, kwa sababu Leonsi anasema watu wa Bujumbura hawaamini kwamba karte moja hupita katika mikono ya watu wanne.

Tunatumia birere, yale maganda makavu ya mgomba. Warda anayanyoosha kwa pasi ya makaa na kuyachagua kwa rangi, kisha anakata nyota, ziwa na mitumbwi. Leonsi ndiye mkubwa wetu. Yeye anakata ng'ombe wenye pembe ndefu na nyumba ya nyasi. Mama mkwe wangu, Generoza, anakata watu. Mimi nabandika kwa kole na kufuta alama za vidole vya wengine.

Kila mmoja ana vyake na hakuna anayegusa vya mwenzake. Sharti hilo nililikuta nilipoolewa hapa kutoka Muhuta. Ukitaka kukata kitu cha mtu, sharti akupe mwenyewe. Asipokupa, hata kama kazi imelala, unasubiri.

Warda ni wa Mtaa wa Waswahili. Noeli haisali, ila anaila vizuri.

Katika karte za Generoza hakuna wafalme. Wanaokuja kumwona Maria ni wanawake wenye vikapu kichwani na kibuyu cha pombe, kama tunavyokwenda guhemba huku kwetu, kumpelekea mama aliyejifungua chakula na kinywaji. Hori pia hakuna. Mtoto yuko mgongoni kwa mama yake, amefungwa kwa nguo. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza wafalme wako wapi. Leonsi akamjibu kwamba wako njiani.

Kole ikikauka, Generoza huigeuza kila karte juu chini na kuitikisa mara mbili kabla ya kuitoa. Warda humtania, "Mama Clever, unatafuta pesa mu karte?" Yeye huchukua nyingine. Leo alijikata kidole. Alisema wembe ni mupya. Nilimtazama mkono alipokuwa akiufunga kitambaa. Unatetemeka.

Novemba 9

Mvua. Birere havikauki.

Novemba 12

Leonsi aliniita nje, chini ya bati, akawa anaongea huku anatazama ziwa kama vile habari haimhusu.

"Scovia, mukono ya mabukwe wako imechoka. Batu bote sasa banatoka na shingo ya kupinda. Kazi ya kukata batu, uchukue weye."

"Anipe kwanza."

"Atakupa. Mwombe polepole."

Kusema polepole ni rahisi kwake. Mimi na Generoza tunaishi uzio mmoja, jiko moja, chumvi moja, na maneno yetu ya siku nzima yanaenea kwenye kijiko. Nimeolewa na mwanawe Clever mwaka wa nne huu na sijazaa. Majirani wameshasema yote wanayoweza kusema. Yeye hajasema hata neno, na kimya chake kinanichoma kuliko maneno yao.

Novemba 15

Nilingoja awe anaparua mikeke, samaki wa ziwa letu, maana akiwa na kisu na samaki huwa mtulivu.

"Mabukwe, nilikuwa naomba munifundishe kukata watu."

Alimaliza samaki aliyekuwa naye. Akachukua mwingine, akammaliza huyo pia.

"Osha mikono," akasema.

Tulianza na wageni. Kumbe anaanza na kikapu, wala si kichwa. "Mutu anakuja chini ya mzigo yake," aliniambia. "Kata mzigo, shingo itajua pa kwenda." Alinishika kiganja na mkono wake ukatetemeka juu ya wangu, na wembe ukapita pasipo kosa. Aliponiachia niliharibu. Niliowaharibu aliwatia jikoni, wakachemsha maharage.

Novemba 16

Clever amerudi kutoka Nyanza-Lac na madumu ya mawese. Amekula, amelala.

Novemba 20

Wageni wangu sasa wanatembea. Leonsi aliwatazama akasema, "Aba banafika." Kwa Leonsi hiyo ni sifa kubwa.

Leo Generoza amenipa Maria. Nguo kwanza, kisha bega, kisha kichwa. Nilikuwa nimemwinamisha uso kama kwenye picha za kanisani. Akamtoa mezani.

"Haangalii mutoto. Anaangalia njia."

"Mbona mama hamwangalii mtoto wake?"

"Mutoto anamusikia mu mugongo."

Jioni nilimwuliza kama kesho tutafanya mtoto. Akasema, "Mutoto bado."

Novemba 24

Bado. Nimeuliza leo tena. "Bado."

Warda alikuwa anapiga pasi. Alingoja Generoza atoke kwenda kuanua birere, mvua ikiwa imeanza kudondoka.

"Usiulize kila siku, mwanangu. Unamukwaza."

"Namkwaza kwa nini? Wageni amenipa. Maria amenipa."

Warda alipuliza makaa ya pasi. Mimi nilijibu mwenyewe moyoni. Mwanamke ambaye hajazaa, atapewaje mtoto, hata wa ganda la mgomba? Ndivyo anavyofikiri. Miaka yote hii hakusema, na sasa amepata njia ya kusema bila kufungua mdomo, tena mbele ya watu.

Nimeumia. Nimeosha vyombo, nimelala.

Novemba 27

Mvua. Ndagala, vile visamaki vidogo, zinaoza kwenye vichanja ufukweni na mji mzima unanuka. Bado.

Desemba 1

Jumapili ya kwanza ya Majilio. Padri alihubiri juu ya kungoja. Nilimtazama Generoza, alikuwa amesinzia.

Kwenye atelye Maria wangu wamejaa kwenye ungo, wote wanaangalia njia, wote mgongo mtupu. Watoto anawakata yeye mwenyewe, peke yake, kwa mkono ule. Wachache wanatoka wazima. Wengine wanakatika shingo, naye huwafunga katika kitambaa na kwenda nao nyumbani. Hawachomi kama alivyochoma wageni wangu. Sijui anawapeleka wapi na sijauliza. Sina hamu ya kuambiwa "bado" kwa jambo jingine.

Desemba 5

Birere vya juu ya rafu vimeota ukungu. Warda alitukana mvua kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa.

Mama mwenye duka Bujumbura amepiga simu. Anataka komande yake, karte alizoagiza, kabla ya katikati ya mwezi. Tena anasema wateja wake mwaka huu wanataka hori, mtoto alale kwenye majani, kama karte nyingine zote duniani. Leonsi alishika simu mbali na sikio, akaniangalia mimi.

"Hori hakuna mwenyewe," akasema alipomaliza. "Mutoto wa mugongoni iko na mwenyewe. Wa mu hori hana. Unaona?"

Nimeona. Nimeona haraka kuliko inavyonipasa.

Desemba 7

Generoza alikwenda Kizuka kwenye msiba. Nimekata hori. Nimekata mtoto amelala chali, mviringo mdogo wa kichwa, nguo tatu zimemzunguka, majani chini yake. Ni rahisi sana. Hata sijui kwa nini niliogopa. Nilibandika karte baada ya karte na Leonsi alikuwa anapiga mluzi.

Warda hakupiga mluzi. "Mungoje arudi," alisema mara moja, akaendelea na nyota zake.

Nilifurahi, nakiri. Mtoto wangu mwenyewe, ambaye sikumwomba mtu.

Desemba 9

Generoza alirudi kazini leo. Karte za hori zilikuwa zimepangwa mezani zikikauka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, ya miaka minne. Hakuniuliza kitu. Alivuta kigoda, akaketi, akachukua karte ya kwanza akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akachovya kidole gumba kwenye kikombe cha maji, akaulowesha mgongo wa yule mtoto, akangoja kole ilegee, akamwinua. Akamweka kwenye kiganja. Akachukua karte ya pili.

Leonsi alisimama. "Mama Clever, iyo ni komande ya batu!"

Aliendelea. Mkono ulikuwa unatetemeka lakini hakumchana hata mmoja. Warda aliiweka pasi chini, akamshika Leonsi mkono na kumtoa nje kama mtu anayemwonyesha kitu. Tulibaki wawili, na mvua juu ya bati. Alipowainua wote aliwafunga kwenye kitambaa chake akaenda nyumbani bila mwavuli.

Nilimfuata baada ya muda. Nilikuwa na hasira bado. Nilimkuta kwenye baraza anachambua maharage, kitambaa kiko mapajani mwake, nguo zinachuruzika maji.

"Mabukwe, kama hamutaki nikate mtoto kwa sababu sijazaa, museme. Museme tu. Nitabandika kole mpaka nife."

Aliinua uso. Sijawahi kuona mtu anashangaa vile.

"Nani amesema habari ya kuzaa?"

"Ninyi. Kwa kukaa kimya."

Alichambua maharage mengine kidogo. Kisha akasema, na alisema kwa sauti ileile ambayo angeniambia chumvi imekwisha. Naandika kama alivyosema, kwa kadiri ninavyokumbuka.

"Mwaka tulikimbia vita, nilikuwa na mimba kubwa. Baba Clever alitangulia Kigoma, mimi nilibaki na batu ya Kizuka. Tulikuwa tunapita mu michikichi, barabarani haikuwa njia. Nikazaa humo. Mutoto muzima, mwanaume. Nikamufunga mu mugongo, tukaenda. Tukaenda tena. Siku moja mugongo ikakataa. Nikasema nimulaze chini kidogo tu, nifunge nguo vizuri. Nikamulaza mu majani, chini ya muchikichi. Nikakaa. Usingizi ikanichukua. Mvua ikanyesha, mimi sikuisikia. Nilipoamuka alikuwa baridi."

Bakuli la maharage lilikuwa limejaa lakini aliendelea kuweka.

"Balinisaidia kuchimba. Halafu tukaenda. Kambini nilifika mikono mitupu, hakuna mutu alijua nilikuwa nimezaa. Ukifika bila mutoto, nani atakuja kukuhemba?"

Nilimwuliza kama alikuwa na jina.

"Nduwimana." Akaokota harage moja. "Weye njo wa kwanza kuuliza."

Nilikaa chini kwenye saruji. Nilitaka kusema pole na neno lilikuwa dogo mno, nikaliacha. Nikasema, "Hori. Nimemlaza kwenye majani."

"Hukujua."

"Kwa nini basi hamukunipa yule wa mgongoni?"

"Niliogopa utamuachia. Kole ya mutoto inataka umushike na kidole mpaka ashike yeye. Weye uko na haraka. Unabandika, unakwenda kwa ingine." Aliutazama mkono wake juu ya maharage. "Kuzaa ni jambo ya Mungu. Mimi nilikuwa naangalia kushika."

Miaka minne nimeishi na mwanamke huyu nikijua anachofikiri. Sikujua kitu. Nililia, naye aliendelea na maharage, na baadaye tuliyapika.

Desemba 10

Mvua. Nilipoisikia juu ya bati nilimtazama. Alikuwa amevuta kiti hadi mlangoni na anaisikiliza. Sasa nakumbuka kwamba amekuwa akifanya hivyo kila mara.

Desemba 11

Clever amerudi. Nilimwuliza mama kama nimwambie. Alisema, "Mwambie weye, mimi nimeshachoka."

Clever alisikiliza akiwa amesimama. "Kumbe mimi si wa kwanza," akasema. Akatoka kukagua madumu ya mawese ambayo alikuwa ameshayakagua. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa.

Desemba 13

Leonsi alitaka nirudishe watoto kwenye hori. Nilikataa. Alinuna, akasema atelye si nyumba ya machozi. Nikamwambia hori ni zangu, niliyekata ni mimi, na hazipati mpaka nimpe. Sharti ni lake mwenyewe.

Koli, ule mzigo wa komande, imepanda basi la Bujumbura ikiwa na zile karte ambazo Generoza alikuwa amezimaliza tu. Mama wa duka alipiga simu kulalamika. Anasema mwakani ataangalia pengine. Simlaumu. Zimebaki karte za parokia, ambazo zinatakiwa mkesha wa Noeli.

Desemba 15

Nimemweleza Warda yote. Alisikiliza bila utani hata mmoja. Kisha akasema twende tukamhembe.

Leonsi alikuwa anachonga penseli. "Hakuna kuhemba marehemu. Ni miaka mingapi? Mutamuumiza mama ya batu."

"Tangu lini batu wanahemba mutoto?" Warda alimgeukia. "Mutoto anakunywa pombe? Tunahemba mama. Mama si iko pale?"

Leonsi alichonga penseli mpaka ikaisha. Mimi sikulala vizuri. Inawezekana Leonsi ana haki. Inawezekana tunakwenda kumfungua kidonda mtu aliyekifunga mwenyewe kwa mkono wake.

Desemba 18

Jua. Birere vyote nje.

Desemba 21

Asubuhi nilifagia ua. Generoza aliuliza kuna nini, nikasema Noeli imekaribia. Nilitandika mkeka mpya barazani.

Walikuja baada ya saa sita. Warda mbele, kikapu kichwani, mkono mmoja unakishikilia. Nyuma yake wanawake wa mtaa wake na wa mtaa wetu, wengine niliwaambia mimi, wengine walisikia tu. Walikuja kwa mstari mmoja kwa sababu njia ya kwetu ni nyembamba na ina matope, na kila mmoja shingo yake ilikuwa inajua pa kwenda. Nilikuwa nimewakata mwezi mzima. Nilisimama na ufagio mkononi.

Generoza alitoka jikoni akifuta mikono.

"Amahoro. Kwani nani amezaa?"

Warda alitua kikapu. "Weye. Tumekuja kukuhemba, Mama Nduwimana."

Watu wote hapa wanamwita Mama Clever. Ndilo jina lake sokoni, kanisani, kliniki. Hilo jingine hakuna aliyewahi kumwita.

Hakuanguka, hakulia. Alishika nguzo ya baraza na mkono ule unaotetemeka. Nilifikiri Leonsi alikuwa sawa, na nikaanza kutafuta maneno ya kuwarudisha watu. Halafu alisema, "Mumekawia."

"Njia ilikuwa mbaya," Warda akamjibu.

Akaketi kwenye mkeka, miguu amenyoosha, kama mzazi. Tukawapokea vikapu. Walileta maharage, chumvi, mukeke mkavu, mawese, ndizi, na sabuni moja ya mtoto ambayo sijui nani aliiweka. Pombe ya ndizi ilikuja kwenye dumu. Warda alileta sambusa, na chai katika chupa kwa ajili yake na wenzake. Clever alimimina, akaanza kwa mama yake, kwa mikono miwili.

Waliuliza yanayoulizwa. Ni mwanaume au mwanamke? Alikuja vizuri? Anafanana na nani? Akajibu yote, moja moja. Anafanana na baba yake, alisema, kwenye masikio. Hapo ndipo alipolia, na wanawake walilia naye, na mimi, kisha Warda akasema sambusa zinapoa.

Leonsi alifika mwisho. Alisimama mlangoni na ng'ombe wa ganda la mgomba, mkubwa kama kiganja, hajui amweke wapi. "Anywe maziwa," akasema. Generoza alimpokea.

Desemba 22

Generoza alilala hadi jua likawaka. Haijawahi kutokea.

Desemba 24

Generoza ameniita kabla hatujanywa chai. Kwenye meza ya atelye alikuwa amekunjua kile kitambaa. Wote walikuwamo, waliokatika shingo na wale wangu wa hori. Aliwasogeza pembeni.

"Leta wembe."

Mtoto wa mgongoni huanzia mgongoni. Sikulijua hilo. Ni mkato mmoja, hauinui wembe, unapanda hadi kichwani na kushuka mbele, ule upande ambao utagusana na mama. Upande huo ndio unaoharibika kwa haraka. Generoza hakunishika mkono safari hii. Aliuweka wake juu ya meza, ukatetemeka peke yake, na kuniacha. Wa kwanza alitoka mnene. Wa pili alitoka mtoto.

"Kole kidogo. Sasa mubandike. Usitoe kidole."

Nilishikilia. Warda alikuja akatoka. Leonsi alikohoa, maana gari la parokia lilikuwa linasubiri na karte zote zilikuwa bado. Nilishikilia mpaka ganda likawa na joto la kidole changu, nisijue tena kipi ni kipi.

"Sasa?"

"Bado."

Nilicheka, naye akacheka. Nadhani ni mara ya kwanza tunacheka pamoja jambo moja.

"Haya, achia."

Alichukua karte, akaipuliza, akaiangalia dirishani. Nilingoja aigeuze. Badala yake akanipa mimi.

Niliigeuza juu chini na kuitikisa mara mbili. Mtoto hakuanguka.